Alumini Si Moja: Gunia la Chakavu Nalo Lipewe Jina



Hivi karibuni kijana mmoja wa kalibu, mwenzetu katika karakana moja ya mji huu ambayo sitaitaja, alikatwa mshahara wa siku nne. Kosa lake ni sikio la sufuria. Ilikuwa sufuria kubwa, ya lita hamsini, ile wanayoipenda wapishi wa harusi na wa shule. Siku hiyo ilikuwa imejaa maharage, na ilipokuwa ikiipuliwa sikio moja likakatika, mama mpishi akaungua mguu kuanzia goti hadi kidole. Mwenye sufuria akaja juu. Tajiri akampa nyingine bure ili kulinda jina la karakana, kisha akatafuta nani wa kubebeshwa gharama, na kama ilivyo desturi akapatikana yule wa chini kabisa, yaani aliyesubu.

Nilimwomba kijana huyo anionyeshe kile kipande. Nimefanya kazi ya kuyeyusha alumini kwa miaka mingi. Mimi si mtaalamu wa maabara, lakini kilichokuwa pale hakikuhitaji maabara. Alumini nzuri ukiivunja hujikunja kwanza, kisha hukatika ikiwa na sura ya kijivu iliyofifia, kama mkate uliomegwa. Kipande kile hakikuwa kimejikunja hata kidogo. Kilikatika kama sahani, na mahali palipokatika palijaa vijibapa vidogo vinavyometa. Nikamwuliza, "Siku ile mlitia nini chunguni?" Akajibu, "Alumini." Nikamwuliza alumini gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa amekunywa maji gani.

Hapo ndipo lilipo jambo langu. Sisi sote, tajiri kwa kibarua, tunasema "alumini" kana kwamba ni kitu kimoja. Wenye kununua chakavu, hiyo inayoitwa injyamani kwa Kinyarwanda, wanaipima kwa kilo na kuimwaga katika gunia moja: pistoni za Gatsata, vipande vya madirisha vya Gakinjiro, makopo ya bia, nyaya za umeme, rimu za magari, masufuria yaliyotoboka. Gunia linafika kwetu halina jina. Tunalitia chunguni, tunasubu, na kinachotoka kikivunjika, mkosaji ni mkono wa fundi. Mimi nasema si haki, na nataka kueleza kwa nini, hata kama nitawachosha kidogo kwa mambo ya ndani ya metali.

Alumini tupu ni laini. Waya wa alumini tupu wenye unene wa milimita mraba moja hukatika ukitundikwa mzigo wa kilo 9 hivi, na ule uliosafishwa zaidi hukatika kabla ya hapo. Waya kama huo wa chuma cha kawaida cha ujenzi hubeba kilo 40 hivi. Lakini chukua alumini hiyo hiyo, uitie magnesi sehemu moja tu katika mia na silikoni pungufu ya hapo, uipashe moto na kuipoza inavyotakiwa, nayo itabeba kilo 31. Itie zinki sehemu tano au sita katika mia, pamoja na magnesi na shaba, kama wafanyavyo wanaotengeneza mabawa ya ndege, na itafika kilo 57. Hapo imekwisha kukipita chuma, na uzito wake ni thuluthi moja tu ya uzito wa chuma. Kwa hiyo nguvu haimo katika alumini yenyewe. Imo katika kile kidogo kilichotiwa ndani yake, na katika jinsi ilivyopashwa moto na kupozwa. Udhaifu nao ni vivyo hivyo.

Sababu yake si uchawi. Ndani ya metali atomu zimejipanga safu juu ya safu, mithili ya matofali. Ukiivuta alumini tupu, safu hizo zinateleza moja juu ya nyingine bila kizuizi, ndiyo maana inapinda upesi. Ukitia kitu kigeni kinachofaa, atomu zake hukaa kati ya safu, au hujikusanya kuwa vijipunje vidogo mno, na kila kijipunje ni kama kabari: safu ikitaka kuteleza inakwama. Jambo hili liligunduliwa karibu kwa bahati. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm alikuwa akijaribu alumini yenye shaba sehemu nne katika mia na magnesi kidogo. Aliipasha moto, akaizamisha majini, akaipima, haikumridhisha. Alipoipima tena baada ya siku chache aliikuta imekuwa ngumu zaidi, na hakuna aliyeigusa. Shaba ilikuwa imejikusanya yenyewe, polepole, kuwa vile vijipunje visivyoonekana kwa jicho. Wilm mwenyewe hakuijua sababu. Wengine waliieleza baada ya miaka mingi. Aloi yake iliitwa duralumini, ikaanza kutengenezwa na kuuzwa mwaka 1909, na ndege nyingi zikajengwa kwayo.

Madirisha wanayoyakata wenzetu wa Gakinjiro kule Gisozi kila siku ni ya ukoo wa magnesi na silikoni, na katika fremu hizo kila kimoja hakifiki sehemu moja katika mia. Nguvu yake ilipatikana kiwandani kwa kupashwa moto wa kadiri kwa saa kadhaa ili vijipunje vitokee vikiwa vya ukubwa unaotakiwa. Sasa fundi wa kuchomelea akija na moto wake, mahali pale panapata joto kupita kiasi, vijipunje vinakua na kupungua idadi, na nguvu inaondoka, pengine thuluthi, pengine nusu. Kiungo kinaonekana kizuri, lakini pembeni yake kumedhoofika. Kwa dirisha hasara yake ni ndogo. Kwa rimu ya alumini iliyopasuka na kuchomelewa kisha ikarudishwa barabarani, naomba kila mmoja wetu anayepanda taksi-moto kuteremka milima ya mji huu afikirie mwenyewe.

Turudi kwenye kalibu. Rafiki mkubwa wa msubu ni silikoni. Alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za joto. Yenye silikoni karibu sehemu 12 na nusu katika mia huyeyuka kwenye nyuzi 577 na hutembea katika kalibu kama maji, inaingia kila kona, na ikipoa haipasuki ovyo. Ndiyo sababu pistoni na vichwa vya silinda vina silikoni nyingi, na ndiyo sababu kila msubu wa Kigali, hata asiyejua kusoma, atakuambia kwamba pistoni "inatembea" na kipande cha dirisha "kinagoma". Mkono wake umejua jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Lakini silikoni nayo ina tabia yake. Ikipoa polepole, hasa katika mchanga, inajitenga kuwa vibapa vikubwa vigumu, na metali inakatika hapo. Mwaka 1920 Aladar Pacz, mtu wa asili ya Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kwamba ukitia sodiamu kidogo sana kabla ya kumimina, vibapa hivyo vinageuka nyuzi nyembamba, na aloi ile ile inakubali kupinda. Huo ni mfano mzuri kwa wale wanaodhani kwamba kidogo si kitu.

Adui mkubwa wa msubu ni chuma, na hapa ndipo ninapodhani lile sikio lilipotokea. Alumini ikiwa ngumu haipokei chuma ndani yake. Hata sehemu moja ya kumi katika sehemu moja ya mia ni nyingi mno. Kinachozidi kinaungana na alumini na silikoni na kuwa vijibapa virefu, vyembamba na vikali, ambavyo ukivikata ubavuni unaviona kama sindano. Vijibapa hivyo vimelala ndani ya metali kama nyufa zilizokwisha kutayarishwa, zinangoja mzigo tu. Navyo ndivyo nilivyoviona vikimeta katika kile kipande.

Chuma hicho kilitoka wapi? Kwanza, pistoni ilitiwa chunguni na pete zake na pini yake, na kichwa cha silinda pamoja na boliti zake. Mtu atasema chuma hakiyeyuki katika moto wa alumini. Ni kweli hakiyeyuki kama barafu, lakini alumini iliyoyeyuka inakila kidogo kidogo, kama chai inavyokula sukari. Pili, na hili wengi hawalijui, chungu chenyewe. Karakana nyingi zinayeyushia katika vyungu vya chuma vilivyokatwa kutoka kwenye mapipa au mabomba. Tazameni chungu baada ya miezi michache: kimekuwa chembamba, kisha kimetoboka. Tunalalamika kwamba vyungu siku hizi havidumu. Hatujiulizi kile chuma kilichopungua kimekwenda wapi. Kimekwenda katika masufuria, na kutoka hapo katika mguu wa mama mpishi.

Dawa yake si ya pesa nyingi. Kutoa pete, pini na boliti kabla ya kuyeyusha ni kazi ya nyundo na patasi, na pengo lililobaki hupimwa kwa sumaku. Chungu cha chuma hupakwa ndani udongo mweupe au chokaa iliyokorogwa, kikakaushwa kabisa kwa moto kabla ya kutiwa metali. Nasema kabisa, kwa maana unyevu ukikutana na alumini iliyoyeyuka unaruka, na wapo miongoni mwetu wenye makovu ya kuthibitisha. Wenye viwanda vikubwa hutia pia manganisi kidogo, nayo huvigeuza vile vijibapa kuwa vifundo visivyo na makali. Yote haya yanahitaji muda, na muda huo haumo katika malipo ya kibarua anayelipwa kwa idadi ya masufuria. Mtu anayelipwa kwa sufuria hatakaa chini kung'oa pete. Nani alipanga malipo hayo? Si yeye.

Kuna jambo jingine ambalo ni zito kuliko sikio kukatika, kwa sababu halionekani. Ni risasi. Risasi haichanganyiki na alumini. Inabaki humo kama matone madogo yaliyotawanyika. Inaingia kwa njia nyingi: vile vipande vya kusawazishia magurudumu vilivyoachwa kwenye rimu, lehemu ya rejeta za zamani, mabaki ya betri yaliyojichanganya gunia moja na alumini. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya kupikia vya alumini kutoka nchi 10 zinazoendelea. Walichemsha humo siki iliyozimuliwa kwa saa mbili. Vyombo 15 vilitoa risasi ya kiasi cha mikrogramu moja au zaidi kwa kila bakuli la robo lita, na sufuria moja kutoka Vietnam ilipita mikrogramu elfu moja. Kabla ya hapo walikuwa wameona mambo kama hayo katika vyombo vinavyosubiwa Cameroon kwa chakavu. Siki ni asidi, na nyanya pia ni asidi. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo, na hakuna dawa ya kuurudisha. Na kabla haijamfikia mtoto wa mteja, moshi wa takataka hizo umekwisha kupita katika mapafu ya aliyesimama juu ya chungu. Sitaki kumtia mtu hofu na sufuria yake ya nyumbani. Sijui ndani yake mna nini, na aliyeisubu pia hajui. Kutokujua huko ndiko ninakokupinga.

Najua majibu nitakayopewa. Ndugu mmoja wa siku nyingi aliniambia, "Wazee wetu walisubu bila kostiki wala sumaku, na masufuria yao tunayo mpaka leo." Ni kweli, tunayo. Lakini masufuria yao mengi yalitokana na masufuria mengine na vyombo vya namna moja. Sisi tunasubu magari. Injini ya leo imejaa aloi zenye shaba, nikeli, zinki, kila moja kwa kazi yake, na hakuna hata moja iliyokusudiwa kupikiwa. Kabureta nyingi za zamani si alumini kabisa, ni zinki, na zikiingia chunguni kwa wingi kitu kilichosubiwa kinapasuka kingali cha moto. Mzee hakuwa na pikipiki elfu moja za kubomoa nyuma ya nyumba yake.

Jibu la tajiri litakuwa gharama. Haya, tuzungumze gharama. Hapa Rwanda, tangu mwaka 2011, gunia la kasiteriti, koltani au wolframu linapotoka mgodini hufungwa lebo yenye namba, ili ajulikane alikotoka kila anayeuza. Ilianza kwa sababu wanunuzi wa nje, baada ya sheria ya Marekani ya mwaka 2010, walitaka kujua kama mawe yao yametokana na vita. Wachimbaji wa milimani, wengi wao maskini kuliko sisi, waliweza. Na hapa hapa Karuruma, mwendo mfupi kutoka Gatsata, kipo kiwanda cha kuyeyushia bati, na haiingii akilini kwamba mtu atayeyusha bati la kuuza ng'ambo bila kujua lina nini ndani. Kwa hiyo mnunuzi wa ng'ambo alipotaka kujua gunia lina nini, ikawezekana. Mama mpishi wa Nyamirambo akitaka kujua, tunaambiwa ni gharama.

Wala sidai mashine kwa kila karakana. Kuchambua kunaanza kwa macho na mikono. Makopo peke yake, madirisha peke yake, nyaya peke yake (nyaya za umeme ni alumini karibu tupu, kwa sababu uchafu unazuia umeme kupita, na kabla ya kuzinunua ni vema kuuliza zimetoka nguzo gani), vipande vya injini peke yake, na kila kizito kuliko inavyostahili kiwekwe kando, kwa kuwa zinki ina uzito zaidi ya mara mbili ya alumini. Penye shaka, futa mahali kwa tupa mpaka pang'ae, weka tone la kostiki soda iliyoyeyushwa majini, ngoja dakika chache, kisha suuza. Palipobaki peupe ni alumini tupu au yenye magnesi. Pakiwa pa kijivu ni silikoni. Pakiwa peusi ni shaba au zinki, na hiyo haifai kwa sufuria. Kostiki inaunguza ngozi na kupofusha macho, kwa hiyo glavu na miwani vinunuliwe na mwajiri, si na kibarua. Risasi haionekani kwa njia hiyo, na kwa ajili yake hapana budi vipande vipelekwe kupimwa.

Sheria ya kazi namba 66/2018, ya tarehe 30 Agosti 2018, imewagusa hata wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi katika usalama na afya kazini na katika haki ya kuunda vyama. Basi chama chetu kisione haya kuitumia karakanani. Naomba tawi letu liwaendee waajiri na wenye maghala ya chakavu na mambo haya: chakavu iliyochambuliwa inunuliwe kwa bei ya juu kuliko iliyochanganywa, ili muokotaji naye apate faida ya kuchambua; saa za kuandaa metali zilipwe kama kazi nyingine; na asikatwe mtu mshahara kwa chombo kilichovunjika mpaka kipande kiwe kimetazamwa na mtu anayejua kukitazama. Liwaendee pia Shirika la Viwango la Rwanda na walimu wa chuo cha ufundi cha hapa Kigali kilichojulikana kama IPRC Kigali, watufundishe jioni, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii tangu mwaka 2017, na sufuria yenyewe tumekwisha kuiita isafuriya. Haiwezekani jina lieleweke na metali yake isieleweke.

Yule kijana bado yuko kazini, na siku zake nne hazijarudishwa. Kile kipande cha sikio ninacho mimi, nimekifunga katika karatasi. Nitakileta katika mkutano ujao wa tawi pamoja na pistoni moja iliyokatwa katikati ikiwa na pete zake, na yeyote anayesema kosa lilikuwa la mkono atakishika mwenyewe na kutuonyesha mahali mkono ulipokosea.

Msubu wa alumini,
Kigali